Kabla Hawajavaa Skii

Jumamosi ya tarehe 11 Novemba 2000, watu 155 walikufa katika mlima Kitzsteinhorn, nchini Austria. Karibu wote walikuwa wamekwenda kuteleza kwenye theluji, na waliobaki walikuwa kazini kuwahudumia. Hakuna aliyefukiwa na maporomoko, hakuna aliyetumbukia kwenye ufa wa barafu, hakuna aliyegonga mti kwa mwendo wa kasi. Wengi wao skii zilikuwa bado mikononi. Waliuawa na moshi na moto ndani ya handaki, wakiwa njiani kupanda, katika safari ambayo kwa kawaida haikuchukua hata dakika kumi.

Naiandika kumbukumbu hii saa kwa saa kwa sababu moja. Kila tunapoelezwa usalama wa msafiri kwenye milima ya theluji, tunaelezwa habari za theluji. Siku ile theluji haikumdhuru mtu. Kilichoua ni hita ndogo iliyofungwa mahali pasipoifaa, milango isiyofunguka kwa ndani, na imani ya watu wengi wenye elimu kwamba chombo kile hakiwezi kuungua. Na wale wachache waliotoka wakiwa hai, walitoka kwa uamuzi mmoja ambao mtu yeyote anaweza kufundishwa leo. Uamuzi huo nao ulikwenda kinyume na silika ya kila binadamu anayekimbia moto.

Saa 2 na nusu asubuhi

Kaprun ni kijiji katika jimbo la Salzburg. Mlima Kitzsteinhorn uliosimama juu yake una kimo cha mita 3,203, na ubavuni mwake imelala barafu isiyoisha mwaka mzima. Kwa hiyo mwezi wa Novemba, wakati miteremko mingi ya nchi za Ulaya bado ni majani makavu, huku tayari watu huteleza. Wapenzi wa mchezo huu waliokaa miezi wakiingoja theluji huja mapema, na wikendi ile walikuja kwa wingi: familia na watoto wao, vijana wenye mbao za theluji, vikundi vya marafiki kutoka Ujerumani, Slovenia na Uholanzi. Walikuwamo Wamarekani. Ilikuwamo pia timu ya wanafunzi wa Kijapani, watoto wa shule ya Inawashiro, waliotoka upande wa pili wa dunia kuja kufanya mazoezi.

Alikuwamo Sandra Schmitt, Mjerumani wa miaka 19, aliyekuwa bingwa wa dunia wa mwaka 1999 katika mbio za kuteleza juu ya vilima vidogo vya theluji. Jina hilo huenda halina maana kubwa kwa msomaji wa Afrika Mashariki, lakini tumewahi kuwa naye karibu bila kujua. Februari 1998 alikuwa Nagano, Japani, kwenye Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi, michezo ileile ambayo Philip Boit aliiwakilisha Kenya kwa skii za masafa marefu, akamaliza wa mwisho, naye bingwa Bjørn Dæhlie akamngoja kwenye mstari ili amkumbatie. Sandra alikuwa na miaka 16 wakati huo. Asubuhi ile ya Novemba alikuwa pamoja na wazazi wake.

Kutoka kituo cha chini mpaka kituo cha juu watu walipandishwa na treni ya kamba. Njia yake ilifunguliwa mwaka 1974, na mabehewa yakatengenezwa upya miaka ya 1993 na 1994 yawe ya kisasa zaidi. Urefu wa njia ulikuwa karibu kilomita 3.9, na zaidi ya kilomita 3 kati ya hizo zilipita ndani ya mwamba, katika handaki jembamba lenye mwinuko mkali. Mwanzo wa reli na mwisho wake vilitofautiana kimo kwa mita 1,500 hivi. Treni hiyo haikuwa na injini wala tangi la mafuta. Mashine ilikuwa juu mlimani, ikivuta kamba ya chuma, na kwenye kamba hiyohiyo zilifungwa treni mbili: moja ikipanda, nyingine ikishuka, zikipishana katikati.

Mgeni anayekwenda kwenye theluji hufundishwa mengi, na yote ni ya kweli. Huambiwa avae kofia ngumu. Huambiwa asome taarifa ya hatari ya maporomoko, ambayo Ulaya huandikwa kwa daraja la 1 mpaka la 5, na asidharau daraja la 3, maana hapo ndipo watu wengi hufa wakidhani bado ni salama. Akitoka nje ya njia zilizokaguliwa, huambiwa abebe kifaa cha kutoa mawimbi, ufito wa kupekulia theluji na sepetu, tena asiende peke yake, kwa sababu aliyefukiwa akivuka robo saa bila kufukuliwa nafasi yake ya kupona huporomoka. Huambiwa anayeteleza nyuma ndiye mwenye wajibu wa kumkwepa aliye mbele. Huambiwa aweke namba 112 kwenye simu, na kwa Austria namba 140 ya waokoaji wa milimani, na ahakikishe bima yake inalipia helikopta, kwa kuwa bili ya helikopta humfikia hata aliye kitandani hospitali.

Kwenye treni ile waliingia abiria 161 na mwendeshaji wao. Bila shaka wengi wao waliyajua mambo hayo yote, na mmoja alikuwa bingwa wa dunia. Lakini kati ya maegesho ya magari na theluji kulikuwa na dakika kadhaa ambazo hakuna aliyewafundisha chochote.

Saa 3 na dakika chache

Milango ikafungwa, treni ikaondoka. Mwendeshaji alikaa kwenye chumba cha mbele, upande wa juu. Chumba cha nyuma, upande wa chini, kilikuwa kitupu. Humo ndimo moto ulimoanzia.

Ndani ya chumba hicho ilifungwa hita ya umeme yenye feni, ya kumpasha joto mwendeshaji asiumie kwa baridi. Ilikuwa hita ya matumizi ya nyumbani. Haikutengenezwa kwa ajili ya chombo cha usafiri, chenye kutikisika na kupanda mlima. Karibu nayo yalipita mabomba ya mafuta ya haidroliki, yale yanayoendesha breki na milango, na baadhi ya mabomba hayo yalikuwa ya plastiki. Wachunguzi walikuta kwamba mafuta yalikuwa yakivuja polepole. Hita ikapata hitilafu, ikapata moto kupita kiasi, mafuta yakashika.

Waliosalimika walisimulia kwamba moshi waliuona mapema, treni ikiwa bado haijaingia ndani ya mwamba. Waliokuwa behewa la nyuma waliuona ukitoka kwenye kile chumba kitupu. Hawakuwa na namna ya kumfikishia habari mwendeshaji. Hapakuwa na kengele, hapakuwa na simu ya ndani, hapakuwa na kamba ya kuvuta. Mitungi ya kuzimia moto ilikuwamo, lakini ilifungiwa ndani ya vyumba vya waendeshaji, abiria hawakuweza kuifikia. Kifaa cha kunusa moshi hakikuwapo kabisa.

Hapa nasimama kidogo, maana kwangu ndipo kiini cha mkasa. Kwa nini chombo cha kubeba watu 180 kisiwe na hata nyundo ya kuvunjia kioo? Jibu lililotolewa baadaye ni kwamba wataalamu waliamini treni ya kamba haiwezi kuungua. Haina injini, haina petroli, kuna nini cha kuungua? Wazo hilo lilikubaliwa na waliojenga, waliokarabati, waliokagua na waliotoa vibali. Na ukishaamini jambo haliwezekani, hata kulizungumza unaona ni kupoteza muda. Wakati huohuo, humo ndani yalikuwamo mafuta yenye shinikizo, nyaya za umeme, hita na plastiki. Kila kitu cha kuungua kilikuwamo. Kilichokosekana ni mtu mmoja wa kuviorodhesha kwa pamoja na kuuliza.

Dakika kumi za kwanza

Treni iliingia handakini, ikapanda mita zisizozidi 600, ikasimama. Mabomba ya plastiki yalikuwa yameyeyuka, shinikizo la mafuta likashuka, na breki zimeundwa hivyo kwamba shinikizo likikatika zinabana zenyewe. Kwa siku nyingine yoyote hiyo ni hatua ya usalama. Siku hiyo iliwafungia watu 162 mahali pabaya kuliko pote kwenye njia ile.

Mwendeshaji akatambua kuna moto. Aliwasiliana na chumba cha udhibiti, akaarifu, akajaribu kufungua milango. Haikufunguka, kwa sababu milango nayo ilitegemea mafuta yaleyale. Kisha mawasiliano yakakatika. Kando ya reli ulipita waya mkubwa wa umeme wa kilovolti 16, nao ukaungua, na mlima mzima ukabaki bila umeme.

Ndani ya mabehewa watu wamesongamana, wamevaa makoti mazito na buti ngumu za skii ambazo hata kutembea nazo sakafuni ni shida. Vioo si vioo vya kawaida. Ni plastiki ngumu iliyotengenezwa isivunjike. Moshi wa plastiki na mafuta una sumu, na pumzi chache zake zinatosha kumlegeza mtu mzima. Abiria wakashika skii na fimbo zao, wakaanza kupiga vioo kwa nguvu zote. Vifaa walivyobeba kwa ajili ya mchezo vikawa ndiyo nyundo waliyonyimwa.

Behewa la nyuma, lililo karibu kabisa na moto, kioo kilipasuka. Watu 12 wakapita. Na miongoni mwao alikuwamo Mjerumani mmoja aliyekuwa zimamoto wa kujitolea huko kwao kwa miaka mingi.

Aliwaambia washuke.

Msomaji ajiweke pale. Giza. Ngazi nyembamba ya dharura kando ya reli, yenye mwinuko wa kutisha. Moto uko chini yako. Upande wa juu hakuna mwali. Kila kiungo cha mwili kinakusukuma kupanda, kuupa moto kisogo. Mtu huyu anasema hapana, tunashuka, tunaupita moto wenyewe, tunatokea upande wa chini.

Alijua jambo moja ambalo kila aliyewahi kupika kwa jiko la mkaa analijua bila kulifikiria: kile kidirisha cha chini ukikifungua, hewa huingia kwa chini na moto hupanda juu. Handaki lile lilikuwa na mdomo wa chini bondeni na mdomo wa juu mlimani, tofauti ya kimo ni zaidi ya kilomita moja. Hewa safi ilikuwa ikivutwa kutoka chini, na joto, moshi na sumu vilikuwa vikipanda kwa kasi ambayo hakuna binadamu wa kushindana nayo, sembuse mwenye buti za skii. Chini ya moto kulikuwa na hewa. Juu ya moto hapakuwa na kitu.

Wote 12 walimsikiliza, wakaupita moto, wakashuka ngazi ile wakishika ukuta, wakatoka kwenye mdomo wa handaki wakiwa hai.

Nimesoma maelezo ya mkasa huu mara nyingi na kila mara nakwama hapohapo. Pangekuwa na tangazo la nusu dakika kabla ya safari, kwa Kijerumani, Kiingereza na Kijapani, linalosema moto ukitokea handakini shukeni, msipande, ni wangapi wangejua la kufanya? Siwezi kutoa hesabu. Lakini najua kwamba maarifa yaliyookoa watu hao hayakuwa siri. Yalikuwa kichwani mwa abiria mmoja kwa bahati, wakati yangepaswa kuwa kwenye bango mlangoni.

Kabla ya saa 3 na nusu

Huko mbele mwendeshaji aliendelea kuhangaika na milango, na hatimaye akafaulu kuiachia kiasi cha watu kuweza kuisukuma kwa mikono. Wakati huo wengi walikuwa wameshazimia. Waliokuwa bado na fahamu wakamiminika nje, na wakafanya ambalo wengi wetu tungelifanya: wakapanda. Moshi uliwafikia wote. Abiria wote waliopanda walikufa, na mwendeshaji alikufa pamoja nao. Kati ya watu 162 wa treni ile, 150 waliishia humo.

Nimekwisha sema kwamba treni mbili zilifungwa kwenye kamba moja. Iliposimama ya chini, ya juu nayo ilisimama, ikiwa ndani ya handaki hilohilo, ikishuka. Ilikuwa na watu wawili tu, mwendeshaji na abiria mmoja. Moshi ukawakuta. Walikufa bila kuuona moto.

Na moshi haukuishia hapo. Ulisafiri kilomita mbili na nusu hadi kituo cha juu, palipokuwa na mgahawa, maduka na wafanyakazi waliokuwa wakianza siku yao. Wafanyakazi wawili waliouona wakapiga kelele, wakawatoa watu, wakakimbilia mlango wa dharura. Walitenda vyema, waliokoa wengi. Lakini mlango ulibaki wazi nyuma yao, na mlango wazi juu ya handaki linalowaka huongeza mvuto wa hewa. Watu wanne walibaki ndani. Zimamoto walifika wakamwahi mmoja. Watatu walikufa, wakiwa mbali na treni, mahali ambapo mtu angeapa kwamba ni salama.

Hapo hesabu ilitimia 155, ingawa bado hakuna aliyeijua.

Saa 4 mpaka saa 8 mchana

Helikopta zilifika, magari ya zimamoto yakafika, madaktari wakafika, waokoaji wa milimani wakafika. Austria ni nchi iliyojiandaa kwa ajali za milimani kuliko nchi nyingi duniani. Siku hiyo wote hao walisimama mdomoni mwa handaki. Moshi ulikuwa mzito na wenye sumu, na ilihofiwa pia kwamba kamba iliyochomwa na moto ingekatika na mabaki ya treni yakaporomoka juu yao. Madaktari walikuwa wengi na majeruhi wa kutibiwa walikuwa wachache mno, jambo ambalo kwa mtu wa tiba ni dalili mbaya kupita zote.

Huku nyuma, bondeni, watu walianza kuuliza. Treni ya mlimani haina orodha ya abiria. Mtu hununua tiketi, anaingia, anaondoka. Familia nyingine ziligawanyika asubuhi hiyo, baba akaenda na watoto wakubwa, mama akabaki hotelini na mdogo. Marafiki waliopitwa na treni kwa sababu ya foleni walikuwa wamesimama palepale, hawaelewi wamshukuru nani. Na kwa mbali zaidi, Ujerumani, Marekani, Japani, ndugu walioona habari kwenye televisheni walikuwa wakipiga simu zisizopokelewa, na wengi hawakujua hata kama mtu wao alipanda mlima ule au mwingine wa jirani.

Mambo mengine ya safari tunayaona ya usumbufu hadi yanapohitajika. Ujumbe mfupi kwa mtu wa nyumbani, unaosema leo nipo mlima fulani, nimepanda na fulani, nitashuka saa fulani, hauzuii ajali. Unachofanya ni kuwapunguzia wazazi adha ya kuzunguka kutoka ofisi moja hadi nyingine wakiuliza kama mtoto wao ni miongoni mwa waliokufa.

Jioni

Gavana wa jimbo la Salzburg, Franz Schausberger, ndiye aliyelazimika kulitangazia taifa kwamba hakuna tumaini la kuwapata wengine wakiwa hai. Kansela Wolfgang Schüssel alifika Kaprun. Nchi ikatangaza maombolezo ya kitaifa. Ndugu walikusanywa mahali pamoja, wakawekewa washauri wa kuwasaidia, na usiku ukaingia huku bado hakuna aliyejua majina yote.

Kazi ya kuwatoa marehemu iliendelea kwa siku nyingi. Hali ya miili haikuruhusu utambuzi wa macho, kwa hiyo majibu yalisubiri vipimo vya vinasaba, na kila jina lilipothibitishwa, familia moja zaidi ilipoteza ule uzi wa mwisho wa matumaini. Hesabu kamili ikawa hii: Waaustria 92, Wajerumani 37, Wajapani 10, Wamarekani 8, Waslovenia 4, Waholanzi 2, Mcheki 1 na Mwingereza 1. Wageni, ukiwajumlisha, ni 63. Yaani wenyeji, waliozaliwa katika milima hiyo na kufundishwa skii pamoja na kutembea, ndio waliokufa zaidi. Uzoefu wao wa theluji haukuwa na kazi ndani ya handaki.

Miaka iliyofuata

Kesi ilifunguliwa Salzburg mwaka 2002 dhidi ya washtakiwa 16, wakiwamo wahusika wa kampuni, mafundi, wakaguzi na maofisa wa serikali. Tarehe 19 Februari 2004 hakimu aliwaachia huru wote. Mahakama iliona kwamba hita ilikuwa na kasoro na kwamba hakuna mmoja kati ya walioshtakiwa aliyethibitika kuwa na hatia ya jinai. Ndugu wa marehemu walitoka mahakamani kwa uchungu mkubwa. Rufaa haikubadili kitu. Mwaka 2008 yalifikiwa maafikiano ya fidia ya euro milioni 13.9 kwa ndugu 451.

Mimi si mwanasheria, na uamuzi wa mahakama ninauheshimu. Lakini kusema hakuna mwenye hatia hakufanani na kusema hakuna kilichokosewa. Hita ya nyumbani kuwekwa kwenye chombo cha usafiri lilikosewa. Mitungi ya moto kufungiwa mbali na abiria lilikosewa. Milango kukosa njia ya kufunguliwa kwa mkono kutoka ndani lilikosewa. Kila moja la haya lilitendwa na mtu, likaidhinishwa na mtu mwingine, na nadhani wazazi wa watoto wa Inawashiro walistahili kulisikia likitamkwa hivyo, kwa sauti, mbele ya watu.

Treni ile haikurudi kazini tena. Wageni wa Kitzsteinhorn sasa hupandishwa kwa vibehewa vinavyoning'inia hewani, nje, kwenye mwanga. Bondeni, karibu na kituo cha zamani, lilijengwa jengo la kumbukumbu lililofunguliwa mwaka 2004, ambamo kila marehemu ana kioo chake cha rangi. Njia nyingine za treni zinazopita ndani ya milima zilikaguliwa upya, na mengi yaliyoonekana hayana haja kabla ya siku ile sasa ni ya lazima.

Kwa nini haya yamhusu msomaji wa Kiswahili? Kwa sababu watu wetu wapo huko. Sabrina Simader, aliyezaliwa Kilifi na kulelewa Austria, alishuka milima hiyohiyo hadi akaipeleka bendera ya Kenya kwenye Olimpiki ya Pyeongchang mwaka 2018. Wazazi wengi wa Afrika Mashariki wanalea watoto Ujerumani, Austria na Uswisi, ambako shule hupeleka darasa zima mlimani kwa wiki ya skii. Barua ikija nyumbani, mzazi hukazana kutafuta koti, glavu na suruali ya theluji, na si rahisi kwake kumwuliza mwalimu maswali kuhusu jambo ambalo yeye mwenyewe hakukua nalo. Nawaomba waulize. Watoto watapandaje mlimani? Nani atakuwa nao ndani ya chombo? Namba gani itapigwa wakichelewa kurudi? Mwalimu mwema hatachukia.

Na wewe utakayesafiri mwenyewe, iwe ni likizo au ziara ya kikazi, kofia ngumu na bima ya helikopta usiviache, na taarifa ya maporomoko uisome kila asubuhi. Ila utakapoingia kwenye treni ya mlimani, au kibehewa cha kamba, au handaki lolote, tumia nusu dakika ya kwanza kutazama kabla hujatoa simu kupiga picha. Tafuta alama ya kijani yenye mtu anayekimbia. Tafuta nyundo ya kioo, mtungi wa moto, mpini mwekundu wa kufungulia mlango kwa mkono. Ukiona moshi au ukinusa harufu ya kitu kinachoungua kabla chombo hakijaondoka, paza sauti bila haya, hata kama lugha ya watu wale huijui. Ukiwa ndani ya handaki linalopanda na moto uko chini yako, kumbuka kwamba moshi unapanda. Kama kuna nafasi ya kuupita moto na kushuka, shuka. Na ukikosa kuona njia ya kutokea, rudi kwa mhudumu umwulize milango hii hufunguliwaje umeme ukikatika, na usiondoke mpaka amekuonyesha.